Gamba la Samaki Likikuruka Jichoni

Hebu jione uko Mwigobero, mjini Musoma, jioni baada ya masomo. Mitumbwi imeleta samaki na wewe unamsaidia mama kupara sato. Kisu kinakwenda haraka haraka. Mara, paa! Gamba limekuruka jichoni. Unafikicha, machozi yanatoka, gamba nalo linatoka. Unasema, "Aah, litapoa tu," unaendelea na kazi.

Usiku jicho linakereketa kama lina mchanga. Asubuhi ni jekundu, na mwanga wa jua hutaki hata kuuona. Je, utafanya nini? Usijibu haraka. Jibu lako linaweza kuamua kama jicho hilo litaendelea kuona au la.

Kwani gamba limefanya nini?

Mbele ya ile sehemu nyeusi ya jicho kuna utando mgumu unaopitisha mwanga, kama kioo cha saa ya mkononi. Unaitwa konea. Katikati, unene wake ni kama nusu milimita tu. Ili mwanga upite vizuri, konea haina mishipa ya damu. Hapo ndipo penye tatizo: vijidudu vikiingia, askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huchelewa kufika.

Tabaka la juu la konea huzuia bakteria. Likichubuliwa na gamba, mchanga, jani la mahindi au hata ukucha, mlango umefunguka. Bakteria huingia, huzaliana na kuila konea. Hicho ndicho kidonda cha konea. Baadhi yao wana kasi ya ajabu na wanaweza kuitoboa konea ndani ya siku chache.

Nitajuaje kama si macho mekundu ya kawaida?

Swali zuri. Mwezi Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea sana Tanzania. Ule husababishwa na virusi, mara nyingi hushika macho yote mawili, na wengi hupona wenyewe. Kidonda cha konea kwa kawaida hushika jicho moja. Dalili zake ni hizi:
- maumivu makali, siyo kuwasha tu;
- mwanga unaumiza;
- unaona ukungu;
- doa jeupe juu ya sehemu nyeusi.

Ukiona doa hilo, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura.

Bibi ana dawa yake. Je, niitumie?

Bibi anakupenda, hilo halina ubishi. Lakini maji ya majani, maziwa ya mama, chai au mkojo huweza kuingiza vijidudu vipya au kuunguza konea. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulichunguza wagonjwa 103 wenye vidonda vya konea. Karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Mwambie bibi kwa heshima: "Shikamoo bibi, naomba kwanza nikapimwe."

Dawa ya matone iliyobaki kwa jirani nayo iache. Baadhi zina steroidi, ambazo hupunguza wekundu huku kidonda kikizidi kuchimba chini kwa chini. Unadhani umepona, kumbe ndiyo unaharibikiwa.

Hospitali watafanya nini?

Watatia rangi kidogo jichoni na kumulika kwa taa ya buluu. Palipochubuka patang'aa kijani. Wakiweza, watakwangua kidogo na kupima kama ni bakteria au kuvu, maana dawa zake ni tofauti. Dawa ya bakteria ni matone ya antibiotiki, kwa mfano siprofloksasini. Mwanzoni hutiwa kila saa, mchana na usiku! Inachosha, lakini ukiruka dozi bakteria wanapata nafasi. Kidonda kikubwa huenda kikahitaji rufaa, kwa mfano Bugando, Mwanza.

Kidonda kikipona huweza kuacha kovu jeupe. Likiwa katikati, mwanga haupiti vizuri. Kupandikiza konea ya mtu aliyefariki kunawezekana, lakini huduma hiyo ni adimu kwetu.

Kwa nini siku ileile?

Huko Bhaktapur, Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusu watu 442 waliochubuka konea, wakapewa marhamu ya kloramfenikoli. Waliofika ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Waliofika kati ya saa 24 na 48, zaidi ya robo walipata. Marhamu ni ileile, tofauti ni saa tu!

Basi, kitu kikikuingia jichoni:
1. Usifikiche.
2. Nawa mikono, kisha mwagia jicho maji safi ya kunywa kwa wingi.
3. Kikigoma kutoka, usikichokoe.
4. Kama kimechoma na kuzama, usioshe wala kubonyeza jicho.
5. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Na unapopara samaki, geuza uso pembeni, au vaa miwani yoyote, hata ile ya jua. Wenzako wakikucheka, waache wacheke. Jicho halina spea dukani.