Kisima cha sadaka na daftari la Serikali

Baada ya swala ya Ishaa, kamati ya msikiti wetu hapa Ujiji ililetewa habari njema. Ndugu yetu mmoja aishiye ughaibuni alitaka kuchimba kisima katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kiwe sadaka yenye kuendelea kwa marehemu mama yake. Fomu nikakabidhiwa mimi, katibu. Swali la tatu liliuliza: kijijini hapo kuna vituo vingapi vya kuchotea maji, na vingapi kati yake vinatoa maji? Mzee mmoja alisema viwili, mwingine akasema vinne, wa tatu akakumbuka pampu iliyong'oka mpini miaka mingi iliyopita. Wote walikuwa wakweli, na hakuna aliyejua.

Fadhila za maji hatuna haja ya kukumbushana kwa kirefu. Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma ili Waislamu wa Madina wanywe, na Saad bin Ubada (R.A.) alimtolea mama yake sadaka ya maji. Lakini sadaka hiyo huendelea maadamu watu wanaendelea kunufaika nayo. Kisima kipya kinachochimbwa hatua chache kutoka kisima kilichoharibika, kisha nacho kikaharibika, kimemnufaisha nani?

Jawabu la swali letu lilikwisha kutafutwa zamani. Mwanzoni mwa muongo uliopita Wizara ya Maji ilituma watu nchi nzima kuandika vituo vya maji, kimoja baada ya kingine: kilipo, aliyekifadhili, aliyekijenga, mwaka wa kujengwa, wanaokisimamia, namna watumiaji wanavyolipia, na kama maji yanatoka. Daftari hilo halikufungiwa kabatini. Sehemu yake, vituo 59,400, iliwekwa wazi na kuingizwa katika shindano la wataalamu wa takwimu lililoandaliwa na taasisi ya Marekani iitwayo DrivenData. Washindani walitakiwa kubashiri, kwa kutumia kompyuta, ni kituo kipi kinafanya kazi na kipi kimekufa.

Hali iliyoandikwa humo inasikitisha. Vituo zaidi ya 32,000 vilikuwa vikifanya kazi. Vingine zaidi ya 22,000 havikutoa maji kabisa, na zaidi ya 4,000 vilitoa maji lakini vilihitaji matengenezo. Mkoa wetu wa Kigoma una vituo zaidi ya 2,800 katika orodha hiyo. Hivyo basi, vijana wa nchi za mbali, wasiopata kuliona ziwa letu, wamekesha wakizichunguza pampu za vijiji vyetu. Nasi tuliokaa kando ya pampu hizo tulikuwa tukikisia.

Sisemi kwamba daftari hilo limekamilika. Kwa zaidi ya theluthi moja ya vituo, mahali pa mwaka wa kujengwa pameandikwa sifuri. Aidha, zaidi ya miaka kumi imepita. Kasoro hizo, hata hivyo, zimeonekana kwa sababu daftari lilifunguliwa. Lililofungwa hubaki na makosa yake, na hakuna wa kuyasahihisha.

Kuandika ili haki isipotee si jambo geni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Mtume (S.A.W.) aliagiza aandikiwe orodha ya watu waliotamka Uislamu. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alianzisha diwani, daftari la wanaostahiki fungu katika mali ya umma. Daftari la umma ni amana, na amana humfikia mwenyewe. Mwenye daftari la visima ni yule anayechota.

Wapo wanaohofu kwamba kufungua kumbukumbu ni kuanika siri za watu. Hofu hiyo ina msingi, kwani sitara ni wajibu, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini tunachokiomba hapa ni habari za kisima, siyo za mgonjwa wala mdaiwa. Pampu haina aibu ya kusitiriwa.

Ni kweli kwamba Tanzania, iliyojiunga mwaka 2011 na ushirikiano wa mataifa kuhusu uwazi wa Serikali, ilijitoa mwaka 2017. Hata hivyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa kila raia haki ya kuiomba taasisi ya umma taarifa iliyo nayo, na taasisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Maji ya vijijini tangu mwaka 2019 yako chini ya RUWASA, nayo ina ofisi wilayani. Tuandike barua. Tuombe orodha iliyo katika jedwali la kompyuta, inayoweza kupangwa na kutafutwa, maana picha ya karatasi haihesabiki.

Tusiende na lawama. Afisa wa wilaya ana vijiji vingi na watu wachache, na vingine hufikiwa kwa boti tu. Tumsaidie: kila msikiti uandike visima ulivyovichimba au kuvipokea, vijana wa madrasa wapige alama ya mahali kwa simu zao, nakala ipelekwe ofisini. Mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kipindupindu kiliua watu, na MV Liemba ikawa inawahamishia Kigoma. Siku kama ile haimsubiri mtu aanze kuuliza maji salama yako wapi.

Fomu yetu? Tuliwatuma vijana wawili kijijini. Walikuta vituo vitano, viwili vikitoa maji. Kimoja kati ya vile vilivyokufa kilikosa vipuri tu. Tumemwandikia ndugu yetu kumshauri atengeneze hicho kwanza, na orodha tumeifikisha wilayani. Huenda asipate kibao kipya chenye jina la mama yake. Tunamuomba Allah (S.W.) amwandikie ujira wake pasipopotea kitu.