Imara, thabiti, madhubuti: maneno matatu, kazi tatu

Katika hotuba, taarifa za taasisi na maazimio ya mikutano, maneno imara, thabiti na madhubuti hupenda kuandamana. Tunaambiwa kuwa uchumi ni imara na thabiti, kwamba mipango ni madhubuti na imara, na mara nyingi la pili limewekwa kwa ajili ya mdundo tu, kana kwamba ni mwangwi wa la kwanza. Kamusi nazo huchangia, maana hueleza moja kwa kutumia jingine, na msomaji hujikuta akizunguka palepale alipoanzia. Mimi nashikilia kwamba wazungumzaji wa Kiswahili hawajawahi kuyafanya kitu kimoja. Maneno yote matatu yanasema kuwa kitu kimesimama, lakini kila moja linasema kimesimama mbele ya nini: imara mbele ya uzito na nguvu, thabiti mbele ya mabadiliko na shaka, madhubuti mbele ya ulegevu na mianya. Anayeyachanganya anapoteza taarifa ambayo lugha ilikwisha kumwandalia.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika vitenzi, kwa sababu kivumishi huweza kutumika kama pambo, lakini kitenzi hulazimika kusema nini hasa kimetendeka. Kutokana na imara tunapata imarika na imarisha, yaani kuongezeka nguvu. Hali ya mgonjwa inaimarika, ulinzi wa mpaka unaimarishwa. Thabiti ina ndugu zake thibitisha, uthibitisho na ithibati, na hapo habari si ya nguvu tena, ni ya kuondoa shaka. Mahakamani upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Unaweza kuimarisha ushahidi kwa kuleta shahidi mwingine, na bado usithibitishe chochote. Mtumishi mpya akimaliza kipindi cha majaribio huthibitishwa kazini. Barua anayopewa haimwongezei nguvu wala ujuzi, inasema tu kwamba nafasi yake haina mashaka tena. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 ilipounda chombo cha kuwatambua rasmi waandishi wa habari, neno lililochukuliwa lilikuwa ithibati. Hata thubutu ni wa ukoo huohuo wa Kiarabu, na si ajabu, kwani anayethubutu ni yule asiyeyumba wakati wengine wanasita.

Sasa tazama Kanisa lilivyochagua. Wakatoliki na Walutheri wetu huita kipaimara lile tendo ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitaja kwa neno linaloweza pia kumaanisha kuthibitisha. Waliolipa jina la Kiswahili hawakufuata njia ya ofisini. Wangeweza kusema uthibitisho, na neno hilo lingeeleweka. Lakini kwa mafundisho ya Kikatoliki muumini anayepokea kipaimara hatolewi shaka kuhusu ubatizo wake, maana ubatizo ulikwisha kutimia. Anapewa nguvu ya Roho Mtakatifu ili aishuhudie imani. Kinachotolewa ni uimara, na jina linasema hivyo waziwazi: ni kitu kinachompa mtu imara, neno imara likisimama hapo kama nomino. Kwangu huu ni mfano mzuri sana wa tafsiri iliyofikiriwa, kwa sababu mtafsiri aliuliza kwanza tendo lenyewe linafanya nini, ndipo akatafuta neno.

Tofauti hii ina gharama pia, na mahali inapoonekana vizuri ni katika habari za fedha. Mwezi Januari 2024 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 160 za Kenya. Kabla ya nusu mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Katika miezi hiyo shilingi iliimarika, na kwa kasi, lakini haikuwa thabiti hata kidogo, kwa kuwa bei ya wiki hii haikukuambia chochote cha uhakika kuhusu bei ya wiki ijayo. Kuanzia Agosti mwaka huohuo ikatulia karibu na 129 na kukaa hapo kwa miezi mingi. Sasa ilikuwa thabiti, ingawa haikuwa ikiimarika tena. Mwagizaji wa mitumba au vipuri ana haja na habari zote mbili, na ni habari mbili tofauti: ya kwanza inamwambia kwamba mzigo umekuwa nafuu, ya pili inamruhusu kupanga bei ya mzigo ambao bado uko baharini. Kichwa cha habari kinachosema shilingi ni imara na thabiti hakimpi hata moja kati ya hizo.

Madhubuti haihitaji maelezo marefu. Asili yake ya Kiarabu ni moja na ile ya dhibiti, nayo imebaki na harufu ya kushikwa barabara. Fundo madhubuti halifunguki, na mkataba madhubuti hauachi kifungu cha kupenyea. Ndiyo maana mamlaka zinazosimamia nishati, maji na usafiri wa ardhini Tanzania zimepewa jina la mamlaka za udhibiti.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba watu husema msimamo imara, msimamo thabiti na msimamo madhubuti bila kugombana. Ni kweli. Msimamo wa mtu huweza kustahimili vitisho, kutobadilika na kukosa mianya kwa wakati mmoja, hivyo maneno yote matatu yanauenea. Kukutana kwa maana katikati hakufuti mipaka iliyoko pembeni. Mipaka hujulikana pale neno linapokataa kuingia, na hakuna mtumishi anayeimarishwa kazini, wala mgonjwa ambaye hali yake inadhibitika kwa maana ya kupata nafuu. Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba huku ni kuirudisha lugha kwenye mizizi ya Kiarabu ambayo msemaji wa kawaida haijui wala haihitaji. Lakini hoja yangu haisimami juu ya Kiarabu. Mwarabu akisema neno lililotupa madhubuti, mara nyingi ana maana ya sahihi au barabara, wala hafikirii nguvu ya ukuta. Maana ya leo imefinyangwa na wasemaji wa Kiswahili wenyewe, na ni matumizi yao ninayoyatetea.

Tena matumizi hayo yanapima hata uadilifu wa kitu. Rushwa ikizoeleka nchini hatusemi rushwa imara wala rushwa thabiti, maana maneno hayo hubeba sifa. Tunasema rushwa sugu, kama tunavyosema wadaiwa sugu, na madaktari wanavyozungumzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Au tunasema rushwa imekita mizizi. Msemo huu wa mwisho hauna upande, kwa sababu hata demokrasia huweza kukita mizizi, lakini una sharti ambalo maneno mengine hayana, nalo ni muda. Ukuta unaweza kuwa imara siku unapokamilika, na mtumishi anathibitishwa kwa barua ya siku moja. Mizizi haikitwi kwa siku moja. Kwa hiyo anayetangaza, baada ya uchaguzi mmoja uliokwenda kwa amani, kwamba demokrasia imekita mizizi nchini mwake, ametoa dai ambalo uchaguzi huo peke yake hauwezi kulithibitisha, hata kama umeiimarisha demokrasia hiyo kweli.