Titani: Ghali, Lakini Haishiki Kutu

Waliojenga Parthenon mjini Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, hawakutumia saruji. Mapande ya marumaru waliyaunganisha kwa vibanio vya chuma, kisha wakavimiminia risasi iliyoyeyushwa ili maji yasivifikie. Mhandisi Nikolaos Balanos alipolikarabati jengo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, alitia vyuma vipya bila kinga ile. Vikashika kutu. Chuma kikishika kutu huvimba, na marumaru ikapasuliwa kutoka ndani.

Mafundi waliokuja baadaye waliving'oa vyuma hivyo wakaweka titani. Madini haya yakikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi. Ukikwaruzwa, hujirudi wenyewe papo hapo, na chumvi ya bahari haiupenyi. Jua likiwaka, titani hutanuka karibu sawa na marumaru, kwa hiyo haiisukumi. Werevu zaidi umo kwenye vipimo: vipande vya titani hukadiriwa ili tetemeko likija, viachie vyenyewe kabla jiwe halijavunjika. Kipande cha titani hubadilishwa. Jiwe la miaka 2,400 litapatikana wapi?

Wepesi wake nao una kazi. Titani ina uzito wa tani 4.5 kwa mita ya ujazo, chuma cha pua karibu 8. Ndiyo maana hekalu la Sensoji, Tokyo, mwaka 2010 liliezekwa upya kwa vigae vya titani badala ya udongo, na mzigo wa paa ukapungua sana. Jumba la Guggenheim la Bilbao, Hispania, lililofunguliwa 1997, limevikwa mabati ya titani yasiyofika unene wa nusu milimita.

Mbona basi nondo zetu si za titani? Bei. Titani imejaa ardhini, ila kuitenganisha na oksijeni huhitaji klorini, magnesi na moto mwingi, na hata kuichomelea lazima ikingwe na hewa kwa gesi ya agoni. Isitoshe, boriti ya titani hupinda karibu mara mbili ya boriti ya chuma ya umbo lile lile. Kwa nguzo na mihimili ya kawaida, ni kutupa fedha.

Mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwisho wa 2024. Lakini sehemu kubwa ya madini hayo duniani haigeuzwi kuwa mabati wala vibanio: husafishwa kwa kemikali ikawa unga mweupe wa kutengenezea rangi za kuta.