Banganga nao wako na maneno: wapewe nafasi ya kuyasema

Mutatuuliza: watu wa sendika ya mugodi wanatafuta nini ku hospitali? Jibu ni fupi. Siku udongo unabomoka, siku asidi inamurukia mutu machoni, siku lori inaanguka na wachimbaji ku njia, sisi tunabeba mwenzetu mupaka pa mulango wa hospitali, kiisha tunarudia. Tunalia, tunakaa matanga, tunaimba. Muuguzi yeye anabakia pale. Anafunga macho ya marehemu, ananawa mikono, anaita mugonjwa mwingine. Kesho asubui anaanza tena. Yale aliyoyaona anayapeleka wapi?

Ku rapoti hayaingie. Rapoti ya zamu ya usiku iko na mustari wa joto ya mwili, wa damu, wa dawa. Haina mustari wa mutoto aliyekufa juu mashini ya umeme ilikosa mazuti. Haina mustari wa mama aliyemutukana muuguzi, kiisha akamuangukia kifuani akilia. Na ku nyumba hawezi kueleza, juu siri ya mugonjwa ni siri. Basi anakaa nayo. Wengine wanaanza kunywa, wengine wanakuwa wakali kwa wagonjwa, wengine wanaacha kazi. Kiisha sisi tunasema: banganga ya siku hizi hawana moyo.

Sisi watu wa mugodi tunajua maneno hii, juu wazee wetu waliipitia. Tangu Union Minière ilipoanza mwaka 1906, watu walitoka mbali kuja kufanya kazi ya shaba, wakapangwa ndani ya kampi, na mambo mingi hawakuruhusiwa kuyasema. Lakini walipiga gitaa, walicheza ngoma, walifanya teatre. Mwenda Jean Bosco alipigia gitaa yake Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, na ikasikilika mupaka Kenya. Kundi la Mufwankolo lilitufundisha kwa kutuchekesha, ku radio na ku televisheni, ndani ya Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Kucheka kule hakukuwa mapumziko tu. Mutu wa kampi alisikia shida yake mwenyewe ikisemwa mbele ya watu wote, na akajua hayuko peke yake.

Angalieni tena mwaka 1941. Mwezi wa Desemba, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, na askari wakawapiga risasi pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Wengi wetu hatukuisoma ile ku masomo. Lakini muchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliichora, kati ya mapicha karibu 100 ya historia ya inchi aliyoyafanya miaka ya 1973 na 1974. Hakuwa profesa. Alikuwa muchoraji wa kuuza picha kwa watu wa muji. Kama asingeshika burashi, wafu wale wangebakia hesabu ndani ya kartabu ya wakubwa.

Banganga nao wako na wafu wao. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kutoka Agosti 2018 mupaka Juni 2020, watu zaidi ya 2 200 walikufa. Waganga na wauguzi waliambukizwa, vituo vyao vilichomwa moto, wengine waliuawa. Wale waliobakia walirudia ku zamu. Nani atachora ile miaka miwili, kama si wenyewe?

Mutu asituambie kwamba kazi ya hospitali na kazi ya kutunga haziendi pamoja. Jirani wetu Agostinho Neto, prezida wa kwanza wa Angola, alikuwa munganga na mutunga mashairi. Ku hospitali ya Panzi, Bukavu, wanawake walioumizwa na vita wanatunga na kurekodi nyimbo zao, na ile inahesabiwa ndani ya matunzo yao. Ni vizuri sana. Lakini yule anayewatunza, yeye ataimba lini?

Ku hospitali moja ya kwetu, jina tunaliacha, wauguzi watatu walitunga kamuchezo kafupi juu ya zamu ya usiku: muuguzi mumoja, wagonjwa mingi, glavu zimeisha, jamaa ya mugonjwa inapiga kelele. Walikacheza siku ya wauguzi, tarehe 12 Mei. Watu walicheka, kiisha wakanyamaza kimya. Kesho yake wale watatu wakapewa barua ya kujieleza, eti wanachafua jina la nyumba. Mumoja wao alituambia: "Papa delege, kama tungeimba wimbo ya kusifu direkta, bangetupatia fanta."

Wengine watasema: watu hawana mushahara, ninyi munaleta mashairi? Tunajua. Wauguzi mingi wa serkali hawajaandikwa ku listi ya mushahara, wanaishi na primu ya hapa na pale. Ule mupiganio hatuuachi, na wimbo hauwezi kulipa primu ya hatari ya mutu. Lakini angalieni: barua tatu za kuomba glavu hazikujibiwa. Muchezo wa dakika kumi ulijibiwa kwa siku moja, hata kama ni kwa hasira.

Tunaomba vitu vine, na vyote ni vya bei ndogo. Kwanza, saa moja kwa juma, ndani ya saa za kazi, si kisha zamu wakati mutu amechoka. Pili, chumba chenye mulango, bila mukubwa wa kukaa pale na kuandika majina. Munganga, muuguzi na mama wa kufagia wakae sawasawa. Tatu, siri ya mugonjwa ilindwe: hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna alama ya kumutambulisha. Ine, mutu asipewe azabu juu ya alichokiandika ao alichokiimba mule. Kaye, biki na gitaa moja vinatosha kuanza. Profesa James Pennebaker wa Marekani alionyesha mwaka 1986 kwamba wanafunzi walioandika juu ya maumivu yao, dakika 15 kwa siku 4, walienda ku munganga mara chache kuliko wenzao ndani ya miezi iliyofuata.

Tutapeleka maneno haya ku meza ya mapatano, pamoja na mushahara na glavu. Kungoja majibu, chumba chetu cha sendika kiko wazi kila Jumamosi kisha saa sita. Viti viko, meza iko. Wakubwa wa hospitali hawana ufunguo wake.