Kadi ya Biashara Ndani ya Simu

Wakulima wengi wa skimu hufika ofisini kuuliza jinsi ya kupata wanunuzi. Wachache huuliza jinsi ya kumfanya mnunuzi aliyekwisha patikana arudi, na hilo ndilo gumu zaidi. Mwenye lori hupita Kinangop na Ol Kalou, hununua viazi kwa watu ishirini, kisha huenda zake Nairobi. Baada ya wiki tatu ataka viazi tena. Anakumbuka kuwa vyako vilikuwa safi, lakini namba yako aliiandika nyuma ya risiti ya mafuta, nayo imepotea. Basi atanunua kwa yule ambaye namba yake anayo.

Dawa yake ni kadi ya biashara ya elektroniki. Jina lisiwatishe. Ni faili ndogo ya maandishi iliyopangwa hivi kwamba simu ya kisasa huielewa: hapa ni jina, hapa namba, hapa mahali. Mpango huu ulianzishwa katika miaka ya 1990 na makampuni Apple, AT&T, IBM na Siemens, ili kadi iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja isomeke kwa mashine ya nyingine. Jina la faili huishia kwa herufi vcf. Mnunuzi akiigusa, simu humwuliza kama ataka kuihifadhi. Akikubali, namba yako yaingia mahali pake bila yeye kuandika hata tarakimu moja.

Hiyo tarakimu moja si jambo dogo. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mama mmoja, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, maneno ya kadi zake za karatasi, nikaweka 6 mahali pa 9. Kadi ziligawanywa zote kabla kosa halijaonekana. Wateja walikuwa wakimpigia mtu mwingine kabisa, na yule mama, akidhani maziwa yake hayatakiwi, aliuza ng'ombe mmoja. Tangu siku hiyo siachi mtu atoe kadi ambayo haijajaribiwa.

Kuitengeneza ni hivi. Fungua orodha ya majina katika simu yako, ujiandike wewe mwenyewe kama vile ungemwandika jirani. Pamoja na jina lako weka mazao na mahali: “Wanjiru, Viazi Shangi, Ol Kalou.” Mnunuzi mwenye majina mia sita hatakumbuka ni Wanjiru yupi. Namba ianze na +254, na ile sifuri ya mbele uiondoe, ili hata mnunuzi aliye Kampala akupate. Kisha gusa alama ya kushiriki, uitume kwa WhatsApp, kwa SMS au kwa barua pepe. Itume kwanza kwa simu ya mtoto wako au jirani, aihifadhi, akupigie kutoka kwenye kadi hiyo hiyo. Ikilia mfukoni mwako, endelea.

Ni vizuri kadi itoke kwako. Rafiki akimpelekea mnunuzi namba yako kutoka katika orodha yake, huenda pamoja na jina alilokupa yeye, nawe waweza kufika Nairobi ukiitwa “Baba Deni.”

Mwenye kuuza sokoni au kando ya barabara aweza kutumia mraba wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994. Huchapwa kwenye karatasi, mteja akaupiga kwa kamera ya simu, kadi ikatokea. Hata ukichafuka kidogo kwa matope husomeka. Lakini angalieni: baadhi ya tovuti hutengeneza mraba usiobeba maneno yenyewe, bali humpeleka mteja kwenye tovuti yao kwanza. Siku wakidai malipo na wewe hukulipa, mraba hufa, na karatasi zako zimekwisha bandikwa. Chagueni ule unaobeba maneno yenyewe.

Msiweke katika kadi namba ya kitambulisho wala ya hati ya shamba. Kadi ikishatumwa yaweza kufika kwa mtu usiyemjua, nawe huwezi kuirudisha. Ukibadili namba, kadi za zamani hazibadiliki zenyewe. Tuma mpya kwa wateja wote, na laini ya zamani uitumie kwa muda, kwa maana namba iliyoachwa yaweza kupewa mtu mwingine. Tena mwambie mnunuzi kwamba kadi si uthibitisho. Mwizi aweza kuandika jina lako juu ya namba yake. Kabla ya kutuma fedha, mnunuzi alitazame jina linaloonyeshwa na M-Pesa.

Mwenye kabambe asijione ameachwa. Aandike maneno yale yale katika SMS, ayahifadhi, na kila mnunuzi akipakia gunia la mwisho, amtumie kabla lori halijaondoka.