Goti la Mlinzi Katika Mpira wa Magongo

Msomaji wa Kisoko au Busia aliyezoea kandanda huenda akadhani kuwa mpira wa magongo ni mchezo wa kubembelezana. Lakini mpira wake, wenye uzito wa gramu 156 hadi 163, ni mgumu kama jiwe.

Kenya ilishika nafasi ya 6 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya 4 katika Kombe la Dunia la 1971. Uganda nayo ilicheza Munich mwaka 1972. Nahodha mashuhuri wa Kenya, Avtar Singh Sohal, alikuwa mlinzi, yaani mtu wa kusimama palipo na hatari.

Na hatari kubwa ni kona ya adhabu. Golikipa na walinzi wanne hungoja nyuma ya mstari, kisha hutoka mbio kuukabili mpira. Siku hizi huruhusiwa kuvaa kinga za uso na za magoti. Mlinzi aliye karibu ya mita 5 akipigwa na shuti la kwanza chini ya goti, wapinzani hupewa kona nyingine. Akipigwa gotini au juu yake, hali amesimama kawaida, mpira huwa wa upande wake. Hapo ndipo watazamaji humzomea mwamuzi bure.

Mwenye kucheza kwa ukali huonyeshwa kadi: ya kijani, dakika 2 nje, ya njano, 5 au zaidi, nyekundu, harudi.

Mzazi ambaye mwanawe ameanza mchezo huu amnunulie kwanza kinga za meno na za ugoko. Gongo aweza kuazima.