Askari na Asiyependwa

Askari alindaye lango la kiwanda katika Zone Industrielle, mjini Bujumbura, hamwulizi mfanyakazi ampenda nani ndipo amlinde. Swali hilo ndilo kiini cha Parada, filamu ya kuchekesha ya Serbia iliyotolewa 2011 na Srđan Dragojević.

Humo wapenzi wa jinsia moja wa Belgrade wataka kuandamana, na polisi wakataa kuwalinda. Kazi yamwangukia Limun, mhalifu aliyepigana vita vya Yugoslavia, naye huwadharau. Akikosa wasaidizi, awaendea maadui zake wa zamani: Mkroati, Mbosnia na Mwalbania wa Kosovo. Watazamaji hucheka, lakini mwisho wake ni matanga.

Polisi halisi walitenda vingine. Tarehe 10 Oktoba 2010 maelfu yao walilinda maandamano kama hayo mjini Belgrade, na zaidi ya askari 100 wakajeruhiwa na wahuni.

Huku kwetu Afrika Mashariki, filamu ya Rafiki, yake Wanuri Kahiu wa Kenya, ilipigwa marufuku 2018. Kisha Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7. Ndani yake wasichana wawili wapendanao wapigwa na umati, na wanaokamatwa ni wao waliopigwa.

Sheria ya Burundi huadhibu mapenzi ya jinsia moja. Hata hivyo, kuhukumu ni kazi ya hakimu, si ya umati wenye marungu. Heshima ya sare hupimwa siku ile inapomkinga mtu asiyependwa na yeyote.